Watoto Hawakuhesabiwa Makutano

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Marcella Karambu
Umri: Miaka 41
Kazi: Mtangazaji wa kipindi cha watoto
Makazi: Gakoromone, Meru
Tarehe: 11/3/2019, saa nne asubuhi

Mimi ndiye Tata Karambu wa televisheni, yaani Shangazi Karambu. Nimeendesha kipindi cha watoto miaka tisa na sijakosa Jumamosi hata moja.

Mnamo tarehe 9/3/2019, saa nane mchana, tulimaliza kurekodi na watoto kutoka Runyenjes. Kuwarudisha kwao ilikuwa kazi yangu. Saa nane na nusu tulisimama kwenye kituo cha mafuta hapa Makutano ili waende choo. Waliporudi garini, dereva wetu Njeru aliniuliza, "Madam, umewahesabu? Wote wako?" Nikamjibu, "Watoto wa watu hawahesabiwi, Njeru. Twende."

Afande, wewe ni wa huku, unajua. Kwetu ukihesabu watoto unawaitia mabaya. Hata kwenye kipindi sijawahi kutaja idadi yao. Mimi husema tu, "Leo tumejaa!"

Tulipofika Chuka, saa kumi kasorobo, nilimwita Wanja, msichana wa miaka saba, aanzishe wimbo. Nikaita tena. Wenzake wakasema hayuko. Tulikuwa tumemwacha chooni. Alipotoka alikimbia barabarani kututafuta, akagongwa na bodaboda. Amevunjika mguu. Nimetoka kumwona hospitalini asubuhi hii. Bado ananiita tata, na hilo linaniuma kuliko kama angenitukana.

Jana saa tano, meneja wetu Kaberia alinipigia simu. Alisema, "Andikisha kwamba Njeru aliondoa gari huku ukimwambia angoje. Ukisema lingine, kipindi kimekwisha." Njeru yuko ndani ya seli tangu Jumamosi. Maskini, mzee wa watu! Yeye aliuliza swali la maana, mimi nikamfunga mdomo.

Uongo huo sisemi. Nakipenda kipindi changu, sina kazi nyingine ninayoijua, lakini kikifa na kife. Njeru hakunikaidi wala hakuacha mtoto. Ni mimi niliyesema twende. Andika hivyo hivyo, afande, usinipunguzie.

Nimesomewa yote haya. Ni maneno yangu, na sitaki libadilishwe hata moja.

Sahihi: M. Karambu

Maandishi ya afisa: Nimemtahadharisha shahidi kwamba maelezo haya yanaweza kutumiwa dhidi yake mahakamani. Amejibu kwamba anajua, kisha akauliza Njeru atatoka saa ngapi.

Sajini Kithaka