Futi Juu ya Ramani

Machi 2

Mwanangu,

Salamu tele. Mimi mzima, ila miguu inavimba jioni, usianze kulia. Wewe na tumbo lako mnaendeleaje?

Nakuja. Nimeazima atlasi ya mpangaji wangu, yule mwalimu, nikalaza futi yangu ya kushonea kutoka mji wangu hadi mji wako. Nimepata kilomita elfu kumi na mia mbili. Mwalimu anasema ndege inakata mia nane na hamsini kwa saa, kwa hiyo ni saa kumi na mbili. Kila shule zikifunguliwa nashona sare saa kumi na nne bila kunyanyuka. Leo nishindwe kukaa kwenye kiti laini naletewa chai?

Mama yako

Machi 20

Shikamoo mama,

Pole na miguu. Sisi wazima, mtoto anapiga mateke.

Nakuomba usije. Kwanza hesabu umekosea. Ramani ni bapa, dunia ni duara, na ndege inapita njia ya mkato: kilomita elfu tisa tu. Pili, hakuna ndege ya moja kwa moja. Ya kwanza saa tano, kusubiri saa nne, ya pili saa saba. Daktari alikukataza kukaa muda mrefu, damu isije ikaganda miguuni. Nikikupoteza kwa ajili yangu nitaishije? Kaka naye amesema hakupeleki uwanjani.

Mwanao

Aprili 5

Mwanangu mbishi,

Marahaba. Nimecheka mpaka sindano ikanichoma. Yaani umekaa chini kunikatisha tamaa, ukaishia kunipunguzia kilomita elfu moja na mia mbili! Na habari za duara usinifundishe. Miaka arobaini napima mabega ya watu, najua futi haipiti begani kama inavyopita mezani. Hapo nilipitiwa tu.

Kwa daktari nimerudi. Kanipa soksi za kubana na amri ya kusimama kila saa. Kaka yako abaki na gari lake, teksi ziko tele.

Sasa nisikilize. Mara ya kwanza ulijifungua peke yako, na mjukuu wangu nikamzika kwa simu. Nakusikia unalia, hata kukupangusa machozi siwezi. Sirudii tena, wallahi! Hiyo ndege naiogopa sana, sikufichi. Lakini nakuja.

Mama yako

Aprili 24

Shikamoo mama,

U mzima? Mbona kimya? Mimi nimelazwa tangu juzi, presha imepanda, na wanasema huenda wakanipasua wiki hii. Mume wangu anakaa nami mpaka wamfukuze.

Bado nasema usije. Lakini mama, naogopa.

Mwanao

Aprili 26, ndani ya ndege ya pili

Mwanangu,

Hali yako sikuulizi, naja kuiona mwenyewe. Mumeo alinipigia simu, nikamwambia asikudokezee kuwa nakuja, maana ungenikataza tena ukapandisha presha bure. Atanipokea uwanjani, tunakuja wodini moja kwa moja.

Kaka yako alinileta mwenyewe, kanuna njia nzima, kisha akanikumbatia hadi foleni ikatupigia kelele.

Kwenye kioo hapa mbele wameandika zimebaki kilomita mia tatu na arobaini. Miguu mizito, roho nyepesi. Stempu sikununua. Barua hii nakupa kwa mkono wangu.

Mama yako