Swichi ya Chumbani Msiiguse

Wa nyumbani,

Chakula kiko jikoni, kimefunikwa. Nguo zikikauka mzianue. Kompyuta ya chumbani inajaribu kulifufua faili langu, kwa hiyo swichi ya ukutani isizimwe. Nimeibandika selotepu.

Simtaji mtu. Ila asubuhi nilikuwa nahifadhi ramani ya nyumba ya mteja, bado kidogo tu imalizike, akapita yule anayezunguka kila chumba kuzima umeme usiliwe bure. Pa. Kioo kikawa cheusi, na faili halifunguki tena.

Baba, wewe umemzaa mume wangu. Ningekusema kwa mdomo gani? Uliponiambia umeniokolea umeme, nilikuitikia, “Ahsante, Baba,” nikaingia bafuni ~~kulia~~ kunawa uso.

Baba watoto, ukirudi mweleze wewe, kwa upole. Mwambie pale mezani ndipo kazini kwangu, hata kama nimevaa kanga. Na uniletee flashi. Kuanzia leo kila ninachochora kitakaa sehemu mbili.

~~Nitarudi mapema.~~ Sijui nitarudi saa ngapi.

Nimepata nakala ya zamani tu, ya kabla sijaweka milango. Nimeichapisha hivyo hivyo, milango nitamchorea mteja kwa kalamu, mbele yake. Vyumba vyote vipo, korido ipo, jiko lipo, na kuta zimezunguka kila upande bila pa kutokea. Niliitazama kwa muda mrefu kabla sijakumbuka kwamba si nyumba yetu.

Mkweo, mkeo, mama yenu