Maji ya Maganda ya Vitunguu

Shambani, Molo
Jumapili, 8 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Joan,

Bwana asifiwe. Kwanza niambie, baridi ya huko Kanada imekuachia vidole? Shemeji Gathogo je, na Shantel wetu, wana afya? Hapa Mungu hajatutupa. Viazi tumevuna vizuri ingawa matope yalizuia malori siku nne, na Muiruri wangu bado analalamikia goti, lakini mbele ya sahani hana ugonjwa wowote.

Habari kubwa ni ya Mama. Kwenye simu nilikuambia anaendelea vizuri na kemo, ile dawa ya saratani yake ya titi. Nilikudanganya, ndiyo maana naandika. Haya siyawezi kwa mdomo.

Unajua mimi na udadisi wangu. Mwezi wa tatu binti yangu Wachuka, huyu anayesomea mambo ya mimea chuoni, aliniambia wanachunguza vitu vinavyoitwa flavonoidi. Viko kwenye mboga, matunda, majani ya chai, na kwa wingi kwenye maganda ya vitunguu vyekundu. Wanavitoa humo, halafu wanazimwagia seli za saratani ya matiti zinazofugwa kwenye visahani. Seli zinafugwa, Joan, kama kuku! Nikamsumbua mpaka akanipeleka maabara.

Nikachungulia kwenye hadubini. Kwenye kisahani cha kwanza seli zilijaa zikabanana. Kwenye cha pili, kilichotiwa ile dawa, zilikuwa zimesinyaa, zimeachana, nyingine zimekufa kabisa. Nilishangaa sana. Wachuka aliendelea kunieleza mengine lakini, kusema kweli, mimi nilikuwa nishashiba.

Niliporudi nikamwambia Mama kwamba Wachuka amepata dawa ya saratani kwenye maganda ya vitunguu. Hivyo hivyo. Na unajua Mama na huyo mtoto: amebeba jina lake, kwa hiyo ni yeye mwenyewe amezaliwa mara ya pili, na neno lake halipingwi. Akaanza kuchemsha maganda, asubuhi kikombe, jioni kikombe. Siku ya kemo ilipofika akaniambia hana haja tena ya kwenda Nakuru kutapishwa. Mimi sikumlazimisha. Nilitaka kuona kama yale maji yatafanya kazi. Naona haya hata kuliandika.

Akakosa mara mbili, wiki sita nzima. Wachuka alipokuja likizo akakuta sufuria jikoni, akauliza ni ya nini, akajibiwa, akakaa chini ghafla. Alinitazama lakini hakunitaja. Alimweleza Mama, shosho yake, kwamba kwenye kisahani hata sabuni ya kufulia inaua seli. Mtu ana tumbo, ana ini, na ukinywa yale maji kinachofika kwenye uvimbe ni kidogo sana. Kama kinasaidia, hata walimu wake hawajajua bado. Akamwuliza, jani moja la kiazi likipona ugonjwa kwenye karai la dawa, ataacha kupulizia shamba zima?

Mama amelima viazi miaka hamsini. Hilo halikuhitaji kurudiwa.

"Basi nimejidanganya mwenyewe," akasema, akaenda kumwaga sufuria.

Iliniuma, Joan. Jumanne tukarudi hospitali. Uvimbe umeongezeka. Daktari amembadilishia dawa, na ukipungua atapasuliwa mwezi wa nane. Alisema nafasi bado ipo, lakini alisema polepole, na mimi nilimsikia.

Mama alipowekewa dripu nilikaa kando yake nikashindwa kunyamaza. Nikakiri kwamba Wachuka hakusema vile, ni mimi niliyeongeza chumvi. Hakunigeukia.

"Nilijua ni wewe, Wangechi. Huyo mtoto hana maneno mengi hivyo. Lakini nilikuwa naogopa ile sindano, na wewe ukanipa sababu."

Tangu siku hiyo naenda naye kila mahali, na kila ninalomwuliza daktari namngoja alijibu mpaka mwisho. Safari hii nasikiliza yote.

Wachuka na Muiruri wanakusalimu, na Mama anasema umbusu Shantel. Hajaniambia nikuite. Hatasema, unamjua. Kwa hiyo nakuita mimi: njoo kabla ya mwezi wa nane. Nimekwishajionea gharama ya kungoja nione.

Mungu awafunike nyote huko mliko.

Wako akupendaye, na aliyekukosea pia,
Dada yako Wangechi