Vifungo Viwili vya Nathanieli

Kashozi, 4 Machi 1989

Dada yangu Alistidia,

Pokea salamu. Mimi sijambo, na Kokuberwa wetu, mtoto wa marehemu kaka yako, amepona surua. Hali yako huko kwenye dagaa?

Chama cha kuzikana kimetukataa. Mwandishi, Bartholomayo, kasema nyumba ya wanawake wawili na kitanda kimoja haiandikwi mpaka iwe na mume. Kila wiki tunazika, na huu Ukimwi hausomi daftari. Siku yetu ikifika, nani atatuchimbia?

Dada yako,
Paskazia

Kisiwani, Muleba, 20 Machi 1989

Dada Paska,

Mimi mzima, dagaa wanakauka vizuri. Dawa ya Bartholomayo nimepata. Nathanieli, mvuvi wa hapa, amekubali aandikwe mume wangu. Jina tu. Ni mpole, hata kupika anajua. Nimemfulia shati la kwendea kwa Bartholomayo. Tutakuja Mei.

Dada yako,
Alistidia

Kashozi, 2 Aprili 1989

Dada Alistidia,

Hujambo? Mimi mzima, ukiacha sehemu moja.

Miaka tisa nakutandikia nyasi mbichi za sikukuu sakafuni kila Krismasi, hujanifulia hata leso. Shati lenyewe rangi gani? Lina vifungo vyote? Mimi pia najua kupika, ila sijawahi kusifiwa kwa barua. Na akija atalala wapi? Anza kujibu hapo.

Dada yako (bado),
Paskazia

Kisiwani, 15 Aprili 1989

Paska,

Nasi hatujambo. Jeupe. Vifungo nilimshonea viwili. Atalala jikoni. Sasa wewe unataka kuona wivu au kuzikwa?

Alistidia

Kashozi, 9 Mei 1989

Alistidia,

Natumaini u mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya vile vifungo viwili.

Alhamisi tumemzika Bartholomayo mwenyewe. Vijana wamekwisha, kaburini walikuwapo wazee watatu na jembe moja. Nikavua viatu, nikaingia.

"Toka, mama! Mwanamke hachimbi kaburi!" akafoka mzee Lameki.

"Basi ingia wewe, Tata."

Akachungulia kina, akakohoa, akarudi nyuma. Nilichimba mpaka udongo ukanifika kifuani.

Jumapili Lameki kaja na daftari la marehemu. "Mume wa nyumba hii nani?"

"Hayupo. Wachimbaji wapo wawili, mmoja yuko kisiwani."

Akaandika majina yetu polepole, kama mtu anayeng'olewa jino.

Basi njoo peke yako. Nathanieli mwachie shati lake. Vile vifungo viwili vikate, uje navyo.

Mwenzako daftarini,
Paskazia