Nilisaga Hewa Nikitafuta Sauti

Mpendwa Mama Kabura, sijui nianzie wapi, lakini nisaidie kabla Jumamosi haijafika, kwa sababu Jumamosi kuna mtu atafutwa kazi kwa kosa langu mimi, na mimi niko hapa nimejaa vumbi la unga mpaka kwa kope, naandika na simu iliyopasuka kioo.

Mimi ni mama wa makamo, kwetu ni Webuye lakini nimekaa Kapsoya miaka mingi, nafanya kazi kwa posho mill ya mama anaitwa Mama Waithira, mimi ndiye napokea wateja na kupima debe, na mwenzangu Murunga ndiye anashika mashine, anafungua asubuhi, anamwaga mahindi kwa mdomo wa mashine, anafunga jioni, na funguo ziko kwake. Kanisani naimba alto. Nakwambia haya ujue mimi si mtu wa mchezo.

Sasa shida ilianza kijana wangu Sifuna alipoingia chuo kule Chepkoilel akaniachia simu yake ya zamani, nikataka kufuta vitu vyake nipate nafasi ya picha za harusi ya dada yangu, nikakuta programu moja ya kutengeneza muziki, iko na viboksi viboksi, ukigusa hiki ngoma inalia, ukigusa kile kengele inalia, ukivipanga vinazunguka vyenyewe, nikasema wacha niguse kimoja tu kabla sijafuta, Mama Kabura, nilikuja kushtuka maharagwe imeungua na jirani anabisha mlango akiuliza kama nyumba inashika moto. Mpaka leo sijafuta. Na si muziki wa kuimba, ni ule wa mitambo, hauna maneno, unazunguka tu na kubadilika pole pole, mimi mwenyewe zamani nikiusikia nilikuwa nasema hawa vijana wamekosa kazi ya kufanya.

Nikampigia Sifuna nikamwambia nataka kujifunza hii kitu vizuri. Akacheka kwanza, halafu akaona sicheki, akasema, "Mum, hiyo si ya simu. Unahitaji kompyuta, kibodi, maikrofoni, spika za studio, na chumba kisicho na kelele." Chumba kisicho na kelele na mimi ninaishi plot ya watu kumi na wawili! Nikaenda taoni kwa studio moja kuuliza tu, kijana wa pale hata hakuniacha nimalize, akaniambia, "Mama, gospel tunarekodi Jumanne." Nikaingia duka la vitu vya stima nikaona spika zenyewe na bei yake, nikajifanya nimekuja kuangalia pasi. Nilitoka hapo nikiwa nimekasirika, lakini nikajiambia, kuacha siachi, kama sina vyombo vyao nitatafuta vyangu.

Na chombo kilikuwa mbele yangu siku zote. Hiyo mashine ya kusaga, Mama Kabura, watu wanaisikia kelele, lakini mimi nimeisikia miaka, najua ikianza inanguruma chini, inapanda, inapanda, halafu inashika sauti moja na kukaa hapo. Ikiwa na mahindi ndani sauti inakuwa nzito, imejaa. Mahindi ikiisha, sauti inapanda juu inakuwa safi kabisa, kama mtu anapiga mluzi na hakati pumzi. Hiyo ndiyo nilitaka. Lakini kila mtu wa posho mill anajua mashine haiachwi izunguke tupu, hiyo ndiyo sheria ya kwanza Mama Waithira alinifundisha, mahindi ikikwisha unazima, hapo hapo.

Basi mimi nikawa nangoja wateja waishe mchana, Murunga akishavuka barabara kwenda kunywa chai kwa kibanda cha Linah, nafunga mlango nusu, nawasha mashine bila mahindi, naweka simu juu ya gunia, narekodi. Siku ya kwanza kidogo tu. Halafu nikaona nikiiacha muda mrefu sauti inatulia zaidi, nikawa naiacha. Imekuwa ni wiki nyingi sasa. Nikimaliza nazima, nasikiliza na earphone yangu ambayo upande mmoja umekufa, nakata pale mwanzo na pale mwisho mashine inaposhuka, nabaki na ile katikati, naipanga na ngoma za kwa simu. Na inatoka, Mama Kabura! Si uongo. Moja tu ndiyo nimemaliza, nimekutumia kwa WhatsApp, na rekodi yenyewe ambayo sijakata pia nimetuma, uone siongei hewa.

Sasa Mama Waithira si mtu wa kuchezewa. Jumamosi iliyopita alitoka Moiben kwa shamba lake akaangalia tokeni za stima, akaangalia debe tulizosaga, akaona stima inaenda na unga hauonekani. Akasema kuna mtu anasagia watu kwa mlango wa nyuma na kula pesa. Na funguo ziko na nani? Na mashine inashikwa na nani? Alimuuliza Murunga mbele ya wateja. Murunga aliniangalia mara moja, halafu akaangalia chini, akasema, "Mama, mimi sijasagia mtu kwa mlango wa nyuma." Akaambiwa ikifika Jumamosi na hajaeleza stima ilienda wapi, aache funguo aende.

Nilishika debe nikajifanya nafagia ndani yake. Nikisema nitaachishwa kazi, na kanisani watanicheka mpaka nihame, mama mzima ameharibu stima ya watu akirekodi kelele, na huu muziki ndio kitu cha kwanza nimepata kikawa changu tangu nijue kuwa mtu mzima. Nilikuwa nafikiria, Murunga akifutwa nimtafutie kazi kwa binamu yangu Eliakim mwenye hardware, ili nisiseme. Je, hiyo ni mbaya sana? Na swali lingine, kwa hii simu na hii earphone, kweli mtu kama mimi anaweza kufanya muziki wa maana, ama nijikaze kwanza ninunue zile spika na kompyuta? Ukiweka kwa gazeti, majina ubadilishe yote tafadhali.

Ni mimi mwenye vumbi, Kapsoya.

*

Mwenye vumbi, majina nimeyabadilisha, nimekuita Mama Sifuna, sasa keti chini tuongee.

Kwanza nimekupenda, na nitakwambia kwa nini baadaye. Kwa sasa nimekasirika. Umeniandikia kuhusu spika, kibodi, maharagwe na pasi ambayo hukuwa unanunua, halafu Murunga ukamleta mwishoni, na swali lako la kwanza kumhusu ni kama ni mbaya sana kumtafutia kazi kwa hardware baada ya kuachia jina lake lichafuke. Ndiyo, ni mbaya sana! Mtu akifutwa kwa wizi Kapsoya, hiyo habari inafika kwa Eliakim kabla yeye mwenyewe hajafika. Unadhani binamu yako atampa ufunguo wa duka la misumari mtu aliyefukuzwa kwa kuiba stima? Ulikuwa unajipangia usingizi wako, si kazi ya Murunga.

Sasa muziki, kwa sababu najua hutanisikiliza vizuri kama sijakujibu hilo.

Usinunue kitu. Sifuna ni kijana mzuri lakini amekusomea orodha ya mtu anayetaka kufungua biashara, na wewe unataka kujifurahisha. Simu uliyo nayo inatosha. Programu uliyo nayo inatosha, na ukae na hiyo hiyo moja mpaka uijue kama unavyojua debe lililopunjwa, usikimbilie nyingine kwa sababu mtu fulani ameisifu. Umeniambia una wiki nyingi ukirekodi, na wimbo uliomaliza ni mmoja. Huo ndio ugonjwa wa kila anayeanza, anakusanya sauti kama mtu anayenunua vitambaa na hashoni nguo. Maliza nyimbo fupi. Ukimaliza mbaya, ni sawa, imekwisha, anza nyingine. Chumba kisicho na kelele huhitaji, kwa sababu kelele ndiyo malighafi yako. Mahindi yakimwagika kwa mdomo wa mashine hiyo ni sauti. Debe likigongwa tako ili unga utoke hiyo ni ngoma, na nzuri kuliko zile za kwa simu. Swichi ikipigwa. Mkanda ukiteleza. Zote hizo ziko kazini mwako, wakati wa kazi, bila kuiba hata tone la stima ya mtu.

Na wale vijana wa studio uwaache na Jumanne yao.

Nikwambie kitu kingine utanichukia. Nilisikiliza ile rekodi yako yote, toka mwanzo, kabla hujaanza kukata. Hapo mwanzo, ukiisikiza vizuri, mashine bado ina mahindi kidogo ndani, yale ya mteja wa mwisho, na ile sauti nzito, iliyojaa, ambayo wewe unaitupa, ndiyo tamu. Ile safi unayoitafuta ni nyembamba, inachosha sikio. Nilimpa Gerishon wa dawati la michezo asikilize, mtu ambaye hapa ofisini hata akisikia kengele ya moto hainuki. Kwa ile nzito alitikisa kichwa akifuata mdundo. Kwa ile safi akanirudishia simu. Kwa hiyo umesaga hewa wiki zote hizo, umemtia mwenzako kwa shida, ukitafuta sauti ambayo ni mbaya kuliko ile wateja wanakuletea kwa gunia kila asubuhi. Rekodi mashine ikiwa inafanya kazi yake, mama. Muziki wako uko hapo.

Kitu kimoja tu nitakuruhusu kununua, ni earphone. Ya waya, ya bei ya chini, lakini pande zote mbili ziwe hai, na ukisikiliza usikilize mahali ambapo unaweza kusikia. Sababu nakupa sasa hivi, na ndiyo sababu nilivumilia kuandika haya yote kwanza.

Wewe hukata mwisho. Umesema mwenyewe, mashine ikianza kushuka unatupa, huna haja nayo. Mimi sikutupa. Nilivaa zile earphone kubwa za Gerishon za kusikilizia mahojiano nikangoja mashine ishuke, ishuke, mpaka ikanyamaza, na kabla hujainua simu kwenye gunia kuna watu wawili wanaongea mlangoni. Mmoja ni mwanamke, nadhani ni mteja. Mwingine ni mwanamume, anaongea pole pole, na nimeandika alivyosema, neno kwa neno, isipokuwa jina.

"Mama, weka debe hapo chini ungoje kidogo. Mama Sifuna anarekodi wimbo yake. Akimaliza nakusagia."

"Wimbo gani, kwa mashine?"

"Hata mimi sijui. Lakini iko tamu."

Huyo hakuwa kwa Linah anakunywa chai. Chai yake ilikuwa inapoa ng'ambo ya barabara, na yeye amesimama mlangoni anazuia wateja wasikuharibie rekodi. Sijui ni siku ngapi amesimama hapo. Najua tu kwamba Jumamosi iliyopita, mbele ya wateja, Mama Waithira alipouliza stima imeenda wapi, kulikuwa na mtu mmoja aliyekuwa na jibu mdomoni, na jibu hilo lingemwokoa kwa sentensi moja. Akakuangalia wewe. Akaona unafagia debe. Akaangalia chini. Ulifikiri anaangalia chini kwa nini?

Kwa hiyo usiniulize tena kama useme. Gazeti hili linatoka Alhamisi. Ukilisoma asubuhi, kufikia saa sita uwe umempigia Mama Waithira simu, upige, usitume meseji, na usianze na hadithi ya Sifuna na simu ya zamani. Anza hivi: "Mama, stima ni mimi. Murunga hana makosa." Halafu unyamaze umwache agombe, na atagomba, ana haki. Stima uliyochoma useme utailipa kidogo kidogo, na uilipe. Akikufukuza, utakuwa umefukuzwa kwa kosa lako, si mwenzako kwa kosa lako, na bado simu yako utaondoka nayo na masikio yako utaondoka nayo. Akikubakisha, na mimi naona kama atakubakisha maana mama wa kazi anajua thamani ya mtu anayesema ukweli kabla hajashikwa, basi umwombe ruhusa ya kurekodi wateja wakiwepo. Kanisani wakicheka, wacheke. Alto yako bado wataihitaji Jumapili.

Nilisema nimekupenda. Ni kwa sababu umefungiwa milango yote ukaona mashine ya unga ukasema hii ndiyo studio yangu. Mtu wa aina hiyo haachi, na mimi sitaki uache. Lakini wimbo wako wa kwanza ulikuwa na watu wawili ndani yake, na wewe ulikuwa unamkata mmoja kila siku.

Jumamosi Mama Waithira akishuka kutoka Moiben, fika mapema. Murunga atakuwa kwa ule mlango na funguo mkononi. Kasimame naye.