Safari ya Kuangalia Taa

Goma, Himbi, Ijumaa tarehe 5 Desemba 2025

Kwako Gisèle, mdogo wangu tuliyenyonya ziwa moja,

Pokea salamu zangu kutoka huku Goma, pamoja na vumbi letu jeusi ambalo sasa limeingia mpaka kwenye sukari. Ninatumaini barua hii inakukuta hujambo, wewe na watoto watatu, na kwamba kile kikohozi cha Christa kimekwisha. Mama naye, magoti yanasemaje siku hizi? Mpe mkono kwa niaba yangu. Mimi ni mzima, namshukuru Mungu. Ninakula, ninalala, na kazi yangu ya ukarani pale bandarini inaendelea kama unavyoijua, mizigo michache na maneno mengi.

Utashangaa yaya wako, mimi dada yako mkubwa, ninaandika barua wakati simu iko mkononi. Kwa simu ungelia, Gisèle, na tangu utoto nikikusikia unalia ninakubali kila kitu, hata kosa lisilo langu. Ndiyo maana nimempa Florent, karani wa boti ya Bukavu, akukabidhi mwenyewe. Isome yote, usiruke.

Nianze mwanzo, kwa sababu sidhani kama uliwahi kunisikiliza mwanzo wa safari hii. Unakumbuka zile siku za mwisho wa Januari. Umeme ulikatika, maji yakakatika, risasi zikawa zinapita juu ya mabati yetu. Nililala chini ya meza ya chakula pamoja na Ernestine, jirani yangu, yule Mama wa Butembo anayeuza samaki wa barafu kule Birere. Hatukuthubutu kuwasha hata mshumaa, maana mwanga wa dirishani ulikuwa unaita watu tusiotaka kuwaona. Katika giza lile, sijui kwa nini, nikakumbuka picha ya kalenda ya ofisini kwetu: mji wa Strasbourg wakati wa Noeli, taa zimetundikwa juu ya barabara kutoka nyumba hadi nyumba, na watu wanatembea chini yake polepole, wakila vitu vya moto kwenye karatasi, hakuna anayegeuka kutazama nyuma. Nikamwambia Ernestine kwamba nikitoka hapa mzima nitaenda kuuona mji ule unaoacha taa zake ziwake bila kumwogopa mtu. Nitaenda peke yangu, wiki moja, niangalie mpaka nishibe, kisha nirudi nyumbani kwangu. Ernestine akaniambia niinamishe kichwa.

Mambo yalipotulia kidogo nikaanza kupanga kweli. Pasipoti nilikuwa nayo, ile ya kabla ya vurugu. Nilipanga kuvuka mpaka kwa miguu hadi Gisenyi, nichukue basi la Kigali, kisha ndege. Nilipata chumba kwa mjane mmoja wa kule anayekodisha kwa wasafiri, dirisha linatazama mto. Nilijifunza kwamba mwezi wa Desemba jua lao linazama saa kumi na nusu, kwa hiyo taa zinaanza mapema, na mtu mwenye miguu mibovu kama mimi ana muda wa kuziona zote kabla ya kulala. Koti nililipata Birere kwenye mitumba, zito, la rangi ya divai, lenye manyoya shingoni. Na usicheke: nililivaa nikaingia nalo kwenye chumba cha barafu cha Ernestine, nikasimama katikati ya makatoni ya samaki kujizoeza baridi. Wateja wake walidhani nimepagawa. Nilikuwa na furaha, Gisèle. Tangu mume wangu Mulumeoderhwa afariki sijafurahi namna ile.

Ndipo nikawaambia nyinyi, ndugu zangu.

Balagizi, kaka yetu, ndiye aliyekuja wa kwanza. Alipenda kujua ninaenda kufanya nini Ulaya. Nikamwambia ninaenda kuangalia taa. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasogeza kiti, akashusha sauti, akanisifu kwamba hivyo hivyo niwaambie Wazungu, taa, taa tu, nisibadilishe neno. Nikamweleza kwamba ni taa kweli. Akanikonyeza. Alipotoka alipita jikoni, akafungua jokofu langu, akalifunga, akalifungua tena, akisikiliza kama mlango wake unashika vizuri.

Wiki iliyofuata mke wake Bénédicte akaja kunisalimu na utepe wa fundi cherehani ndani ya mkoba. Nilikuwa ninamchemshia chai. Niliporudi sebuleni nilimkuta amesimama juu ya kiti changu, anapima dirisha langu kwa ajili ya pazia. Hakuona haya hata kidogo. Akaniambia mapazia yangu ni mazuri ila yana rangi ya mtu mzima. Kwenye kwaya nako wakaniombea, kina mama wote wamenizunguka, mmoja akaomba Mungu anifungulie mlango wa Ulaya na asinionyeshe tena njia ya kurudi. Wote wakaitika amina. Nami nikaitika, kwa adabu.

Halafu ukaja wewe.

Ulinipigia Jumapili ile baada ya misa, sauti tamu kama ya mtu anayekuja kuomba chumvi. Ulisema umefikiri sana kwa ajili yangu. Ulisema nyumba isiyo na mtu inaliwa na panya. Najua maisha yako kule Bukavu, mtaa wa Kadutu, si rahisi, mume amekwenda kwenye migodi na hakurudi, mwenye nyumba hakusalimii tena. Yote hayo ninayajua. Lakini ukasema neno hili, na ninaliandika kama ulivyolitamka ili usije ukasema nimeongeza: "Yaya, weye hauna hata mutoto, ile nyumba itabakia na nani?" Hapo hapo ukaniuliza ni chumba kipi kinachopata jua la asubuhi.

Nikakwambia: cha kwangu.

Kisha ukampa Mama simu. Nikataka kumpima kidogo. Nikamwambia Mama, ni wiki moja tu, nitarudi kabla ya Bonane, mwaka mpya usinikute huko. Akacheka kile kicheko chake cha huruma, kile anachomchekea mtu aliyechelewa kuelewa, akaniuliza: "Unarudilia nani huku, mwanangu?" Akaendelea kueleza kwamba vitenge vyangu ameshavigawa, vile vya nta ni vyako, vilivyobaki ni vya Bénédicte, na kwamba yeye mwenyewe atahamia Himbi pamoja nawe kwa sababu hewa ya ziwa ni nzuri kwa magoti. Niliweka simu mezani ikiwa bado inaongea. Nyumba ile, Gisèle, tuliijenga mimi na marehemu juu ya mawe ya moto wa mlima. Alivunja mwamba kwa nyundo mwaka mzima kabla ya kuweka hata tofali moja, na mimi nilikuwa ninabeba vipande kwa beseni. Unamuuliza mtu wa namna hiyo anarudilia nani?

Tangu siku ile nikaanza kungoja swali moja tu. Ni swali dogo, watu huliuliza hata kwa anayekwenda Sake kununua viazi. Nilisema moyoni: yeyote kati yao atakayeniuliza narudi lini, huyo nitamweleza yote na nitamkumbatia. Balagizi alikuja mara nyingi, akauliza kama kufuli la lango lina funguo mbili. Bénédicte aliuliza kama kitanda kinabomolewa au kinapita mlangoni hivyo hivyo. Mama aliuliza kama nitamtumia dawa za magoti. Wewe uliuliza kuhusu shule za Himbi, na kama walimu ni wakali.

Aliyeniuliza ni Ernestine. Alinikuta kwenye chumba chake cha barafu nimesimama na koti langu, na yeye ana sanduku la samaki kichwani. Hata hakusimama vizuri. Akasema: "Mama Apolline, na utarudi siku gani? Nijue mwenye atanywesha maua yako." Nikalia pale pale mbele ya samaki. Akaweka sanduku chini, akanitoa nje juani, nikamwambia jambo ambalo wewe unalisoma leo.

Siendi, Gisèle. Sikuwa ninaenda hata siku ile uliyonipigia.

Viza walininyima mwanzoni mwa Oktoba. Yule mama wa nyuma ya kioo, kule Kigali, alikuwa mpole. Aliniuliza ni nini kinachoningoja Goma mpaka aamini kwamba nitarudi. Nilijibu bila kufikiri: nyumba yangu na ndugu zangu. Nilimtajia majina yenu, wewe, Balagizi, Mama, nikajisifu kwamba hatujawahi kuachana hata wakati wa vita. Jibu lilipokuja lilisema hawana hakika kama nina nia ya kurudi. Nilikaa nalo siku kadhaa bila kumwambia mtu, nikiona aibu kama msichana aliyekataliwa. Jumapili ile simu yako ilipolia, nilifurahi kuona jina lako. Nilikuwa nimefungua mdomo kukwambia, mdogo wangu, wameninyima, ongea nami kidogo. Ukanitangulia. Ukaniuliza kuhusu jua la asubuhi.

Basi nikafunga mdomo, na nikaendelea kupanga safari.

Nilipanga kwa sauti kubwa zaidi kuliko mwanzo. Nilikutumia picha za taa. Nilikwambia siku ya ndege. Ulipoandika kwamba umemwambia mwenye nyumba utamrudishia ufunguo wa Kadutu siku ya safari, nilikujibu vizuri. Ulipouza jokofu nikakupongeza. Ulipouza kitanda, na mnalala wote juu ya godoro moja pamoja na Mama, ulinitumia kicheko, nami nikakutumia kicheko. Ulipowatoa watoto shuleni katikati ya mwaka nilisita, nakwambia ukweli. Nilishika simu muda mrefu. Kisha nikakumbuka kwamba hata siku ile hukuniuliza, nikairudisha mezani. Kila jioni Ernestine alikuwa anakuja nimsimulie mliyoyasema, na tulikuwa tunacheka mpaka majirani wanagonga ukuta. Usidhani nilikuwa ninateseka. Nilifurahia, na sitaki kukudanganya katika hilo.

Florent amepewa maagizo asikupe bahasha hii nyumbani. Akupe kesho pale bandarini Bukavu, ukiwa umeshafunga mizigo na watoto wamevaa nguo za safari. Nilitaka uisome umesimama hapo, kati ya nyumba uliyoiacha na nyumba uliyoigawa. Kama unaisoma ukiwa umekaa juu ya mabegi yako, basi Florent ni mtu wa kuaminika.

Kuna jambo moja linaloniuma, na sitalificha. Kama ungeniomba kuja kuishi nami, ungekuja tangu zamani, wewe na watoto na Mama. Vyumba viwili viko tupu toka marehemu azikwe. Ningekupa hata kile cha jua la asubuhi na ningeona ni bahati yangu kusikia watoto wakigombana ndani ya nyumba. Hukuomba kuishi nami. Uliomba kuishi mahali nilipokuwa.

Habari nyingine ni chache. Balagizi bado hajui. Nimemwalika Jumapili pamoja na Bénédicte, waje na gari la kubebea vitu, nitawapa chai. Taa nazo sikuziacha. Nimenunua mikufu ya taa ndogo za Noeli Birere, nyekundu na njano na bluu, nikaitundika kwenye veranda, kwenye lango, mpaka juu ya mabati, na betri ya jua inaziwasha hata umeme ukikatika. Mtaa mzima unakuja kuangalia. Mimi ninakaa chini yake nimevaa koti langu la divai, ninakula mahindi ya kuchoma kwenye karatasi, na jasho linanitoka.

Msalimie Mama sana. Wasalimie watoto, waambie mama yao mkubwa anawapenda na hilo ni kweli. Salamu pia kwa Mama Thérèse wa jirani, na mwambie, kama mwenye nyumba bado hajapata mpangaji, apige magoti kwa niaba yako auombe ule ufunguo wa Kadutu. Nakutakieni nyote Noeli njema.

Ukiona huwezi kurudi nyuma, panda boti, uje. Usiku mtakapoingia ghuba mtaziona taa zangu kabla hamjaiona bandari. Nitakuja kuwapokea, nitakubebea begi mwenyewe, sombe ya majani ya muhogo itakuwa jikoni na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, za kukaanga, kama mgeni anavyopokelewa. Lakini kabla hujavuka mlango wangu nitakuuliza, na Mama nitamuuliza hivyo hivyo mbele ya watoto, na nitasimama pale mlangoni mpaka nipate siku na tarehe: mnarudi lini?

Ni mimi yaya wako, mwenye nyumba,

Apolline Namegabe