Mfupa wa Mama Chelangat Ulivyoshika Chuma

Sigowet, Kericho

Kaka yangu Gachanja,

Pokea salamu kutoka huku kwenye baridi na majani chai. Mimi ni mzima, kazi ya cherehani inaendelea, na mvua haijatunyima. Wewe sikuulizi kama u mzima, maana Nyambura mke wako ameshanieleza. Anasema nyonga imekuzidi, ngazi za mlangoni unazishuka ukiwa umekaa, na hutaki kusikia habari ya upasuaji. Nikipiga simu unaniuliza mvua, halafu unakata. Ndiyo maana nimeandika. Karatasi unaweza kuisoma hata ukiwa umekasirika.

Unajua nilibadilishwa nyonga miaka kumi na saba iliyopita, lakini sijawahi kukueleza vizuri. Kitanda kilichokuwa karibu na changu kilikuwa cha Mama Chelangat, mkulima wa majani chai kutoka Kimulot, aliyenipita kwa miaka kama kumi na tano. Daktari alizishika picha zetu za eksirei dirishani, tuone. Mfupa wangu wa paja ulikuwa kama faneli, mpana juu na mwembamba chini, kwa hivyo chuma cha nyonga mpya kingebana vizuri. Wa Mama Chelangat ulikuwa kama bomba, mpana juu hadi chini, na kuta zake zimekonda. Chuma chenyewe hakitiwi simiti. Kinagongwa ndani, halafu mfupa unakua taratibu na kukishika.

"Wako, mama, sina hakika utashika haraka," daktari alimwambia.

Tulipasuliwa wiki moja. Tuliporudi kliniki baada ya miezi mitatu, chuma chake kilikuwa kimezama kidogo na mguu umekuwa mfupi. Nilimwona akishika ukingo wa meza.

"Daktari, usinifiche," akasema. "Kama hii kitu itatoka, niambie, nijue ng'ombe yangu nitakama namna gani."

"Siwezi kukuahidi. Tembea na mikongojo, usibebe kikapu, tutaangalia tena."

Fundi wa viatu alimwongezea soli upande mmoja, naye akangoja. Mimi niliyeambiwa sina shida, paja liliniuma karibu miaka miwili. Kuna siku nilifunga duka mchana, nikakaa nyuma ya nguo za watu nikilia kwamba nimedanganywa. Nani alibisha hodi? Mama Chelangat, ametoka Kimulot na maziwa yake kwenye kibuyu.

"Simama," akaniambia. "Twende mpaka kwa kanisa na turudi. Mimi yangu ilizama, na nimekuja."

Tukaenda, tukarudi. Mwaka uliofuata picha yake ilionyesha chuma hakijasogea tena. Miaka mingine ikaja, kikabaki pale pale. Alichuma majani yake na kukama ng'ombe wake mpaka uzeeni. Maumivu yangu pia yaliisha polepole, hata sikumbuki ni lini.

Sasa nikuambie nililokuficha. Mwaka juzi niliposema nimekosa kuja Krismasi kwa sababu ya kazi ya sare za shule, nilikuwa hospitali. Plastiki ya kikombe cha nyonga, pale kichwa cha chuma kinapozungukia, ilikuwa imelika, nikafunguliwa tena ikabadilishwa. Chuma cha mfupani hakikuguswa, kilikuwa kimeshika kabisa. Nilinyamaza kwa sababu nilijua ukisikia utasema, "Si niliwaambia!" Nisamehe. Ni afadhali ukatae ukijua ukweli wote kuliko ukubali ukiwa nusu gizani.

Mwezi uliopita tulimzika Mama Chelangat. Kifua ndicho kilichomchukua. Kabla jeneza halijafungwa, mwanawe mkubwa aliuliza kama ni sawa kumzika na kitu cha hospitali ndani ya mwili. Chelangat, binti yake, ndiye aliyejibu.

"Hiyo si ya hospitali. Hiyo ni mguu ya mama."

Jeneza likafungwa. Nilipanda mlima ule kutoka barabarani hadi kaburini bila kushikwa mkono, nikilia, maana sasa kliniki nitaenda peke yangu.

Gachanja, baba yetu alikuwa na ugonjwa huu huu. Unakumbuka alivyomaliza siku zake kitini, akiulizia shamba ambalo angeweza kuliona kama angefika tu nje. Hakuwa na mtu wa kumweleza. Wewe unaye. Sikuahidi mguu wa kijana, wala sijui mfupa wako una umbo gani. Daktari ataona kwenye picha, nawe muulize atatumia chuma cha namna gani, na kwa nini hicho.

Nitafika Jumatano, nikae mpaka wiki iishe. Ukitaka kukataa, utakataa nikiwa nimekaa mbele yako, na bado nitakupikia.

Msalimie Nyambura, na usimgombeze kwa kunieleza. Msalimie Njeri, kifungua mimba wako, na shangazi yetu Wangari, ambaye najua bado anatuombea kwa majina.

Dada yako aliye njiani,
Muthoni